Mgeni Atangulie

Februari ya 2015, Jovini alikuja kwetu Tonawanda, kaskazini kwenye theluji, kumposa mdogo wangu Delfina, akitokea Okolona, kusini mwa Louisville, alikofanya kazi ghalani. Alishuka kwenye basi lililopitia Columbus akiwa na koti la mvua na viatu vya kanisani.

"Shemeji," nikamwambia, "umekuja kuposa au kubatizwa?"

Delfina alikuwa ameshamkubali. Kilichobaki ni mahali pa kuishi: Jovini ahamie kwetu, au anichukulie mdogo wangu. Tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila tulilala kitanda kimoja, na sikuwa tayari kuachwa. Nikaona nimtembeze kwenye theluji, aipende, abaki.

Msimamizi wangu wa kiwandani hupamba sebule yake kwa viatu vya theluji vya kizamani. Akaniazima jozi tatu, fremu za mti zilizosukwa kwa kamba za ngozi, za kufunga chini ya viatu ili mtu asizame. Mbili zilikuwa fupi, za mviringo kama ungo. Ya tatu ilikuwa ndefu, imechongoka mbele na ina mkia nyuma, nzuri kuliko zote. Mgeni hapewi kilicho duni, kwa hiyo Jovini akapewa hiyo. Tulipofika njia ya msituni tukamtanguliza, kama anavyotangulizwa kunawa mikono.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatukungoja.

Jovini alizama, akajikokota, akazama tena. Alipogeuka kumtazama Delfina, mkia wa kiatu ukachoma theluji, akaanguka kwa makalio.

"Shemeji, hatujakukaribisha kuketi!"

"Nimechoka kungoja kiti, shemeji."

Tukacheka sana. Tulishangaa mwanamume mzima anahema vile, na sisi wanawake tunatembea kama tuko sokoni. Kisha nikatoka kidogo nje ya nyayo zake, nikazama hadi gotini. Ndipo nilipoelewa: kwenye theluji mbichi wa mbele ndiye punda, anawashindilia wenzake njia. Na ile mikia mirefu ni ya uwanda, si ya vichakani.

"Jovini, rudi nyuma, tupokezane," nikamwambia kwa aibu.

"Heshima mliyonipa siirudishi," akasema, ndevu zimeganda. Akaendelea.

Delfina alikuwa ameacha kucheka.

Tulipofika garini alipiga magoti kumfungua Jovini kamba za viatu. Nami nikauliza lile lililonileta, "Haya, shemeji, theluji unaionaje?"

"Nzuri sana," alisema, meno yakigongana. "Nitahamia huku."

Nikapiga vigelegele msitu mzima ukasikia.

"Hahamii," Delfina akasema, bila kuinua kichwa. "Dada, mtu aliyeteseka hivi bila kulalamika, nimlete aishi kwenye baridi hii? Mimi ndiye nitakayekwenda Okolona."

 Nililia palepale, na Jovini ndiye aliyenipa leso.