Chai ya Wageni wa Umeme

Mvumo wa nyaya ulisikika kabla nguzo zenyewe hazijaonekana. Umeme wa wenyewe ulikuwa ukipita juu ya kijiji cha Kulesa kwenda mjini, na chini yake hapakuwa na nyumba hata moja yenye taa.

Ndiyo maana kijana Masha alijituma. Wageni wa kampuni walitaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe, nao walimwambia kwamba wanakijiji wakikubali, yeye ataajiriwa. Akawaketisha bandani pamoja na wazee wa kijiji, akaliweka sanduku lao la sampuli jikoni kwa shangazi yake Mbodze, akamhimiza apike chai.

“Mtambo wetu ni wa kisasa,” mkubwa wao alieleza. “Moshi hamtauona.”

Papo hapo moshi ukaingia, mweusi, mzito, ukinuka kama tairi linaloungua. Mzee Galma, mfugaji, alitoka mbio shuka puani, wageni nyuma yake.

“Shangazi, umechoma nini?”

“Si makaa yako ya sandukuni? Magumu kama kisigino cha Galma! Nimeyamwagia mafuta taa mpaka yakakubali.”

Mgeni alikohoa. “Wazee, mtambo utakuwa na bomba refu. Moshi utakwenda mbali.”

“Mbali wapi, mwanangu?” Galma akauliza. “Huko mbali ndiko ninakolisha ng’ombe.”

Mgeni akaomba wanaokubali wainue mikono. Mikono iliinuka, lakini ya kufuta macho tu. Gari la wageni likaondoka bila chai wala Masha. Mbodze akaanza kulia kwamba amemponza mtoto wa kaka yake.

“Nyamaza, shangazi,” Masha akasema, akitafuta panga. “Kuni nitakukatia mimi, nakuahidi, mpaka siku hizo nyaya zitakapotuona.”