Fundi wa Jini na Pua Yake

Mdogo wake alipopiga simu kusema kwamba jini yote ya kunywewa harusini ingetoka kwake, tena kama zawadi ya mjomba kwa mpwa wake, Hadubini alimshukuru vizuri, akaikata simu, akakaa kitako jikoni na kuanza kumtilia shaka.

Si kwamba hakumpenda. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, wakati mama yao alipokuwa mgonjwa, ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Lakini alimjua mno. Kwao walimwita Mabawa kwa sababu hakuwa mtu wa kutua. Alifuga sungura, akaacha. Akafungua biashara ya kukodisha viti, ikafa. Akapika sabuni iliyowatoa watu vipele mpaka majirani wakawa wanapishana naye njiani bila salamu. Na kila mara alikuwa na maelezo, maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu yuko shamba na mkewe, akikeneka jini, kuichemsha na kuupoza mvuke wake, kwenye mtambo wa shaba. Shangazi yao, alipoambiwa kijana anatengeneza jini, alishika kichwa akauliza kama majini yaliyopo duniani hayatoshi. Ukoo mzima ulicheka wiki nzima. Hadubini alicheka pia, ila kwa mdomo tu.

Yeye alikuwa mpimaji katika maabara ya hospitali, mwaka wa ishirini na sita huo, na jina la Hadubini alipewa na huyo huyo mdogo wake, kwa kazi yake na kwa tabia yake ya kumkodolea mtu macho mpaka aseme ukweli. Mwaka juzi waliletwa hospitalini watu kumi na mmoja waliokunywa pombe chafu kwenye sherehe moja. Yeye ndiye aliyepima damu zao. Wawili walirudi nyumbani wakiongozwa mkono, hawaoni tena, na mmoja wao alikuwa fundi saa. Na harusi ya binti yake yeye Hadubini ilikuwa imealika watu mia mbili. Kwa hiyo Jumamosi moja, zikiwa zimebaki wiki tatu, alipanda basi la asubuhi. Mkobani alikuwa na vichupa vinne vya maabara vyenye vifuniko vya kubana, amevizungushia taulo.

Mabawa alimpokea njia panda na gari lake la mizigo. Alikuwa amekonda. Alimkumbatia dada yake kwa muda mrefu, akamwambia amekuja siku nzuri, kuna wageni sita wa kutembezwa kiwandani, basi ataona kila kitu kwa mpangilio. Hadubini alijisemea kwamba mtu anayetaka uone kwa mpangilio ana kitu asichotaka ukione ovyo.

Kiwanda kilikuwa jengo la zamani la kukusanyia maziwa. Sakafu ilikuwa na mifereji ya kuoshea, kuta zimepakwa chokaa, na madirisha yako juu kabisa, karibu na dari. Wageni walikuwa wamekwisha kufika: mume na mke wenye hoteli ndogo, walimu watatu waliokuwa likizoni na mzee mmoja mpiga picha. Wifi yake alitoka kuwaamkia, kitambaa amekikaza kichwani, mikono ina maji. Alimpa dada wa mumewe shikamoo, akamwuliza habari za bibi harusi, kisha akaaga haraka akaingia chumba cha nyuma. Hadubini alisikia komeo likisukumwa kwa ndani.

“Mbona anajifungia?” alimwuliza mdogo wake.

“Kuna joto la mtambo, dada. Mlango ukiachwa wazi vumbi linaingia,” alisema Mabawa, na papo hapo akawageukia wageni.

Ziara ikaanza. Haki isemwe, mtu huyu alijua kusema. Aliwaonyesha mapipa ya buluu nyuma ya pazia, na Hadubini, ambaye shaka ilimzidi kuyaona hayana maandishi, hakungoja ruhusa. Alifungua kifuniko kimoja akainama. Ilikuwa juisi ya miwa inayochachuka, inatoa mapovu, na ukali wake ulimpanda puani mpaka machozi yakamtoka. Alifunua la pili na la tatu. Miwa tu. Wageni walidhani ni mwanamke mwenye hamu ya kujifunza.

Mabawa alieleza kwamba juisi hiyo inakenekwa mara mbili, na mara ya pili ndipo yanapoingia matunda meusi ya mti wa mreteni, ambayo bila hayo hakuna jini, pamoja na giligilani, iliki na maganda ya limau. Kinachotoka kwanza kwenye bomba wanakiita kichwa, nacho ni kichafu, hakinyweki. Kinachofuata ni moyo, na huo ndio unaotiwa chupani. Mwisho ni mkia.

“Na mnajuaje kichwa kimekwisha na moyo umeanza?” aliuliza Hadubini.

Mabawa aligusa pua yake kwa kidole. “Kwa hii, dada yangu. Mashine zipo, lakini fundi wa kweli ana hii.” Wageni wakacheka kwa kuridhika, na mpiga picha akaipiga picha ile pua.

Kisha akawakalisha kwenye meza ndefu. Juu yake palikuwa na vichupa vinane vinavyofanana, visivyo na maandishi, kila kimoja kina maji meupe yaliyokenekwa na kiungo kimoja tu. Hicho, alisema, ndicho kipimo cha fundi: kuvitambua kwa pua tu. Akaenda kabatini kuwatolea glasi, na wakati amewapa mgongo Hadubini alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu shule ya msingi. Alibadilisha nafasi za kichupa cha pili na cha tano. Mwalimu aliyekaa karibu alimwona, akatabasamu, akadhani ni utani wa ndugu.

Mabawa alirudi. Alikinusa kichupa cha kwanza, akafumba macho, akasema mreteni, na kweli kilikuwa mreteni. Akachukua cha pili. Alivuta pumzi ndefu, kifua kikajaa, akatingisha kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda, akasema, “Ganda la limau. Limau la asubuhi, kabla jua halijalipiga.”

Akampa mwenye hoteli. Mwenye hoteli akanusa, akamtazama mkewe. Mkewe akanusa, akakunja uso. Ilikuwa iliki, iliki tupu, mtoto mdogo angeijua. Lakini walikuwa wageni wenye adabu, na mtaalamu amekwisha kusema, basi mke akasema kwamba sasa akifikiria vizuri analisikia limau kwa mbali. Kichupa kikazunguka meza nzima bila mtu kubisha.

Kilipomfikia, Hadubini alikiweka mezani. Hakutazama tena vichupa, alimtazama mdogo wake. Alimwona akifumba macho kwa cha tatu na cha nne, akavuta pumzi ile ile, akatingisha kichwa vile vile. Hasikii harufu yoyote. Anahesabu vichupa. Na huyu ndiye anayeamua kwa pua yake kwamba kichwa kimekwisha. Akilini alimwona fundi saa akipapasa fremu ya mlango wa wodi, na baada ya fundi saa akawaona watu mia mbili wamesimama na glasi mkononi, na bintiye katikati.

Hakungoja cha nane. Aliinuka, akasema anatafuta maji ya kunywa, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma na kugonga.

“Wifi, nifungulie.”

“Subiri kidogo, wifi. Siwezi kuacha sasa hivi.”

“Kuacha nini?”

Alisikia chupa ikiwekwa juu ya saruji, kisha nyingine. Aligonga tena, kwa nguvu zaidi. Alisimama pale kama dakika kumi, mkoba ameubana kwapani, na katika dakika hizo alikwisha kumhukumu mdogo wake, akamhukumu na mkewe, akapanga atakavyomwambia bintiye kwamba mjomba asilete hata chupa moja. Hatimaye komeo likavutwa.

Chumba kilikuwa kidogo, na joto lake lilimpiga usoni. Mtambo wa shaba ulijaa nusu ya chumba, tumbo chini, shingo juu, na bomba lake likishuka kwenye pipa la maji baridi na kutoa uzi mwembamba wa kinywaji. Chini, kwenye ubao, zilipangwa chupa kumi na nne za mdomo mpana, kila moja imeandikwa namba kwa chaki. Tatu za kwanza zilikuwa zimetengwa, zimemiminwa kwenye ndoo iliyochorwa msalaba mwekundu; nyingine zilijaa nusu. Wifi yake alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya zile nyingine. Hakuwa amejipaka mafuta wala manukato, hata sabuni aliyoogea haikunukia.

“Ilikuwa inavuka kutoka moyo kwenda mkia,” alisema. “Pale ukigeuka tu umeharibu. Samahani nimekuweka mlangoni.”

“Ni wewe unayenusa.”

Mwanamke yule alifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni. Akasimulia, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Miezi miwili baada ya kufungua kiwanda Mabawa aliugua homa kali. Alipopona, pua ilikuwa imekufa. Siku moja alimkuta jikoni amekata vitunguu saba, ameviinamia, analia, na akadhani ni vitunguu. Daktari alisema ingerudi. Haikurudi. Wakati huo watu walikwisha kuanza kuja kwa ajili yake, fundi mwenye pua, na alimwomba mkewe amsaidie wiki mbili tatu tu. Ilikuwa inaenda mwaka wa tatu.

“Mimi siinywi hata tone,” alisema wifi. “Nanusa na kugusa kwa ulimi, natema. Lakini sijakosea, wifi. Nakuapia.”

Hadubini alikuwa ameapiwa na watu wengi katika maisha yake. Alimwambia ageukie ukutani. Akamimina kidogo kidogo kutoka kwenye ndoo na kutoka kwenye chupa za kati na za mwisho, akaweka katika vikombe sita visivyo na alama, akavichanganya. Wifi akageuka, akapitisha pua juu ya vikombe bila kuvuta pumzi kubwa wala kufumba macho, haraka, kama mtu anayechambua mchele. Akasukuma viwili pembeni. Vilikuwa vya ndoo. Hadubini alivichanganya upya, mara ya pili, mara ya tatu. Kila mara vilisukumwa pembeni vile vile, na mara ya tatu wifi aliongeza kwamba kimoja kati ya vile vinne kina mkia ndani yake na hata mbwa asipewe.

Hata hivyo Hadubini alitoa vichupa vyake kwenye taulo, akavijaza vyote vinne, viwili vya moyo wa leo na viwili vya chupa zilizokwisha kufungwa, akavibana. Wifi hakuudhika. Alimsaidia kuandika namba.

Wageni walipoondoka, Mabawa alikuwa kwenye karai anaosha glasi. Hakugeuka dada yake alipoingia.

“Ulibadilisha vichupa,” alisema.

“Ndiyo.”

“Nilijua baadaye. Yule mwalimu alikuwa anacheka mno.” Alisuuza glasi ambayo ilikuwa safi. “Kwa hiyo umeniona.”

“Kwa nini hukuniambia? Nafanya kazi hospitali.”

“Ungesema Mabawa kashindwa tena.”

Hadubini alifungua mdomo akinuia kukataa, akaona atakuwa anasema uongo. Ndivyo angesema. Alichukua kitambaa akaanza kukausha glasi, na baada ya tatu nne akamwambia kwamba hajali nani ananusa, ila hataruhusu mtu akae mbele ya watu na kuwaambia wanachokunywa kimepimwa na pua yake, nayo imekufa. Akamwambia pia kwamba mkewe amefungiwa nyuma ya mlango miaka miwili na zaidi, na huo si msaada tena. Mabawa alikasirika. Alisema yeye ndiye aliyejenga mtambo ule kwa mikono yake, na kwamba dada amekuja kumpekua kama mwizi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alimrudisha njia panda, akamshushia mkoba wake, akaondoka kabla basi halijafika.

Jumatatu mchana Hadubini alipima vichupa vyote vinne, kila kimoja mara mbili, na cha tatu akakirudia mara ya tatu kwa sababu alikuwa vile alivyo. Vilikuwa safi. Hakumpigia mdogo wake. Alimpigia wifi, akamsomea namba moja moja, na upande wa pili alisikia mtu akikaa chini.

Kwenye harusi jini ilifika mapema, katika makreti yaliyofunikwa kwa magunia, na Mabawa na mkewe waliishusha pamoja. Kaka na dada walisalimiana kwa heshima, kila mmoja akipita kando. Jioni ilipoanza kuingia, mkwe mmoja mnene aliinua glasi akauliza kwa sauti ni nani fundi wa kitu hiki. Watu wakamgeukia Mabawa. Hadubini, aliyekuwa amebeba sinia, alisimama hapo hapo kumwangalia, na ni kweli kwamba hakutegemea aseme ukweli.

Mabawa alikohoa. Alisema mtambo ni wake, miwa ni yake na maneno ni yake, watu wanamjua kwa maneno. Kisha akamshika mkewe mkono akamwinua kwenye kiti. “Lakini pua ni ya huyu. Mimi nikipewa mafuta ya taa nitawaambia ni maji ya waridi.”

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha wa mume. Wifi alitazama meza. Mkwe mnene akamwuliza alijifunzia wapi, naye akaanza kujibu, akijikwaa mwanzoni, kisha akawa anaeleza habari za kichwa na moyo huku akionyesha kwa mikono, na wanawake wa meza ya jirani wakasogeza viti.

Mabawa alikuja kusimama karibu na dada yake. Alichukua glasi kutoka kwenye sinia akanywa kidogo.

“Unasikia nini ukinywa?” Hadubini alimwuliza. Hakuwa amewahi kumwuliza.

“Moto,” alisema. “Halafu baridi kidogo. Basi.”

Hadubini alimwambia aje hospitali wiki ijayo, kuna daktari wa pua anayemwamini. Mabawa akasema atakuja. Hadubini alimtazama machoni kwa muda, akamtajia siku na saa, na kwa kuwa alimjua, akamwita na wifi ili naye aisikie na kumkumbusha.