Kisu cha Nje

Mume wangu alinunua kisu cha kuwindia akiwa na miaka hamsini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwinda hata panya. Panya wa karakana nawawinda mimi, kwa fagio.

Sisi ni mafundi wa makochi. Tunachukua kochi lililochoka, tunalivua kitambaa, tunabadilisha springi na sponji, tunalivalisha upya, na linarudi kwa mwenyewe kama limetoka dukani. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye dirisha moja, kati ya kinyozi na duka la vitasa. Humo mume wangu ameishi miaka thelathini, kutoka meza ya kukatia hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi meza ya kukatia, na safari yake ndefu kwa siku ni kwenda kwa kinyozi kuazima redio. Mtu huyo ndiye aliyeingia siku moja na kitu kimefungwa kwenye gazeti, uso unang'aa kama ameambiwa amepata mjukuu.

"Kisu cha nje," akasema.

"Nje ipi?"

"Nje, mama. Porini. Milimani. Mtu akiwa huko anahitaji kisu."

Kilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Mgongoni kilikuwa na meno ya msumeno. Kwenye kitako cha mpini kulikuwa na dira ndogo, na dira hiyo ilisema kaskazini ni upande wa choo. Ukigeuka ukaitazama tena, ilisema kaskazini ni kwa kinyozi. Nikamwonyesha. Akasema inahitaji kuzoea mazingira. Ukifungua kile kitako, ndani unakuta njiti nne za kiberiti na ndoano ya kuvulia samaki. Mume wangu samaki humtoa vipele mwili mzima.

Nikasema sawa, atakiweka kabatini, atakisahau. Wapi! Alikaa siku mbili akikishonea ala, na ngozi aliyoitumia ni ile niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya stuli ya daktari wa meno. Akapiga msumari juu ya meza ya kukatia, akakitundika hapo. Mchana alikivaa kiunoni wakati wa kula. Alikatia mkate, na mkate ukageuka chenga. Alikielekeza kwenye ramani ya ukutani akimweleza mteja namna mtu anavyoweza kuishi msituni wiki nzima, na yule mteja, mama wa watu aliyekuja kuulizia mito miwili tu, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Kinyozi naye, ambaye hana dogo, akaanza kumwita Mwindaji. "Mwindaji, leo umeua nini?" Na mume wangu anacheka, anafurahi, hajui kwamba anayechekwa ni yeye. Au anajua, hajali. Sijui kipi kinaniudhi zaidi.

Kilichonichosha kabisa ni siku alipokitumia kukata uzi uliokuwa umening'inia kwenye kochi la mahameli. Uzi ulikatika. Mahameli nayo ikakatika, shubiri nzima. Siku hiyo nilipiga kelele mpaka mwenye duka la vitasa akafunga mlango wake. Nina mdomo, sikatai. Nilirithi kwa mama, naye alirithi kwa mama yake, na katika ukoo wetu hakuna mume aliyewahi kulalamika kwamba hakusikia. Nilimwambia kile kisu ni takataka, nikamwambia na yeye amekuwa mtoto, nikamwambia mengine ambayo sitayarudia hapa. Mwisho nikatoa amri.

"Hicho si kifaa cha kazi. Kisiguse kazi yangu tena. Umesikia?"

"Nimesikia. Na kwenye hesabu je?"

"Kwenye hesabu hakimo. Hakimo na hakitakuwemo!"

Hesabu ni desturi ya karakana yetu. Zamani, tulipokuwa wageni katika kazi hii, tulisahau sindano ndani ya kiti cha wakili mmoja, na wakili akaikalia. Mpaka leo akiniona njiani anavuka upande wa pili. Tangu hapo, kabla ya kufunga kochi lolote, anayefunga anataja zana moja moja kwa sauti na mwenzake anaziangalia na kujibu. Mkasi mkubwa? Upo. Mkasi mdogo? Upo. Nyundo? Ipo. Hivyo hivyo mpaka zitimie kumi na moja, ndipo kitambaa cha mwisho kinapigwa pini. Miaka ishirini na saba hatujawahi kuruka hesabu, hata siku ya harusi ya binti yetu, tulipofunga kochi la watu nikiwa nimeshapakwa wanja.

Alhamisi tulikuwa na kochi la Mama Mkunga. Huyu si mteja wa hivi hivi. Mikono yake ndiyo iliyonipokelea watoto wangu watatu, na sasa amestaafu, analea wajukuu wawili mapacha wa miaka minne ambao hawajui kutembea, wanajua kuruka tu. Kochi lake la zamani walilimaliza wao. Alinisihi, "Mwanangu, nitengenezee kitu kitakachowahimili hawa." Nikaweka springi nzito na sponji ngumu.

Asubuhi hiyo nilikwenda kununua uzi, nikarudi mapema. Nikamkuta mume wangu amesimama kando ya kochi, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyefumwa akila darasani. Sponji ya kiti ilikuwa imeshawekwa juu ya springi. Nikapitisha kiganja ukingoni. Ilikuwa imekatwa laini ajabu, haina hata mkwaruzo.

"Leo umekata vizuri," nikamwambia. Mimi kumsifu mtu si jambo la kila siku, nikashangaa mbona hafurahi. Amenitazama tu.

"Hebu kimbia ukaniletee vifungo kabla duka halijafungwa kwa chakula cha mchana," nikasema.

"Sasa hivi?"

"Hapana, mwaka kesho. Nenda, bwana!"

Akaenda huku akigeuka nyuma. Dakika kumi hazijapita, gari la kubeba mizigo likafika, saa mbili kabla ya wakati, dereva anapiga honi kama amebeba mgonjwa. Vifungo nikaona vitakuja baadaye, vya mgongoni hivyo, si vya kiti. Nikamwita kinyozi anivutie kitambaa upande mmoja. Nikataja zana, nikajijibu mwenyewe maana mwenzangu hayupo. Kumi na moja, zote mezani. Nikafunga kochi kwa pini, gari likaondoka.

Mume wangu aliporudi na vifungo mkononi na kukuta pale mahali patupu, alikaa kwenye ndoo.

"Limekwenda?"

"Limekwenda."

"Limefungwa?"

"Ulitaka liende uchi? Una nini wewe?"

Hakuna, akasema. Joto tu.

Ijumaa mchana akaaga kwamba anakwenda kwa Mama Mkunga kushona vile vifungo na kukagua kochi. Nikaona heri, angalau ameanza kujali kazi. Akarudi jioni, anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye punda. Nikamuuliza vifungo vinne vinashonwa mchana kutwa? Akasema walikuwa na mazungumzo mazuri. Chakula alikula amesimama.

Jumamosi saa tatu asubuhi, nimekaa kwenye cherehani, simu ikalia. Mama Mkunga.

"Mwanangu, mumeo mzima?"

"Kwani yuko huko?"

"Yuko hapa tangu saa moja, hata chai hatujanywa. Jana alikuwa hapa, leo tena. Amekaa upande ule ule wa kochi, hainuki. Watoto wanataka kucheza, anawakatalia. Nimempisha kiti kingine, hataki. Nimemuuliza kama mmegombana, anasema hapana. Sasa mimi nataka kufagia!"

Nikafungua mdomo nimwambie nakuja kumtoa huyo mtu kwa sikio. Ndipo macho yangu yakatua juu ya meza ya kukatia. Kwenye msumari ala ilikuwepo. Imening'inia, bapa, haina kitu ndani.

Nikaiona ile sponji laini iliyokatwa bila mkwaruzo. Nikaiona mikono yake nyuma. Kisu chetu cha sponji ni butu, tangu mwezi uliopita kinatafuna badala ya kukata, na mimi mwenyewe ndiye ninayeahirisha kukinoa.

"Mama," nikasema, "watoto wasilisogelee hilo kochi. Wapeleke uani. Nakuja."

Nilibeba mfuko wa zana nikaenda mbio, na kilemba kikaniangukia njiani nikakiacha kinyozi akiokote. Njia nzima nilikuwa natukana. Nilimtukana yeye, nikatukana aliyekiunda kile kisu, aliyekiuza, na gazeti kilimofungiwa. Lakini kichwani nilikuwa naona kitu kimoja tu: miguu minne midogo inaruka.

Nikamkuta. Amekaa ukingoni upande wa kushoto, ameinamia paja moja, jasho linamtiririka, ameshika gazeti juu chini.

"Inuka," nikamwambia.

"Polepole basi, mama watoto. Nikiinuka ghafla kinanifuata."

Mama Mkunga akashika kiuno. "Nini kinamfuata?"

Nikamshika mkono, akajinyanyua kidogo kidogo. Suruali ilikuwa na tundu na doa la damu iliyokauka. Na kwenye kitambaa kipya, pale alipokuwa amekaa, ilionekana ncha, ndogo kama ncha ya kalamu. Springi zilikuwa zimekisukuma kisu siku mbili mpaka kikasimama.

Nikang'oa pini moja baada ya nyingine, koleo likaniponyoka mara mbili. Nikainua sponji. Kilikuwa hapo, mpini umebanwa kati ya springi mbili, ncha juu. Kama mtoto angeruka pale. Sitaki kuimaliza hiyo sentensi. Mama Mkunga alikaa chini sakafuni, akaweka mkono kifuani, akasema jina la Mungu mara tatu.

Kisha, kwa kuwa ni mkunga, akainuka, akaleta beseni na dawa, akamlaza mume wangu kifudifudi juu ya mkeka. Jeraha halikuwa kubwa. Mume wangu akaeleza yote akiwa amefukia uso kwenye mkono. Kisu cha sponji kilikuwa butu. Akasema ajaribu mara moja tu kile chake, na kikakata vizuri. Akasikia hatua zangu mlangoni. Akakisukuma chini ya sponji, akakusudia kukitoa nikienda chooni. Nami nikamtuma vifungo.

"Jana nilitaka kulifungua," akasema, "lakini watu hawakutoka chumbani hata dakika moja. Na hawa watoto walikuwa wanakuja mbio. Nikaona nikae mimi."

"Umekaa juu ya kisu siku mbili," Mama Mkunga akasema, "mtu mzima! Si ungeniambia mimi? Au ungemwambia mkeo, aje afungue, basi, yaishe?"

Mume wangu akainua uso kidogo kutoka mkononi.

"Mama, wewe hujamsikia mke wangu akikasirika," akasema. "Niliona afadhali kisu."

Mama Mkunga alicheka mpaka machozi. Nadhani ilikuwa ni ile hofu inamtoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kochi, pini mdomoni, nikishona pale palipotoboka. Nilikuwa na mambo ishirini ya kumwambia, yote nimeyapanga njiani, na hata moja halikutoka. Niliumia. Naweza kusema wazi, niliumia kuliko siku yoyote ya ndoa yetu, na wa kumlaumu sikumpata.

Tukarudi karakana taratibu, yeye anachechemea, mimi nimebeba mfuko. Kisu nilikiviringisha kwenye kitambaa cha kufutia. Alinyoosha mkono akitaka kukichukua njiani, apite kukitupa jalalani. Nikamwambia atembee.

Mchana tulikuwa na kiti cha kumalizia, cha mwenye duka la vitasa. Sponji yake ilikuwa bado haijakatwa. Nilitazama kisu chetu butu, nikatazama kile kingine. Nikakata kwa kile kingine. Sponji iliachia kama siagi, nikakirudisha kwenye ala yake msumarini. Mume wangu aliona, hakusema neno, na mimi nikamshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Nikaja kufunga. Nikataja zana. Mkasi mkubwa, upo. Mkasi mdogo, upo. Nyundo, koleo, sindano ndefu, sindano ya kupinda. Alijibu zote amesimama, maana kukaa alikuwa hawezi. Tukafika ya kumi na moja. Akanyoosha mkono anipe pini.

"Kisu cha nje?" nikauliza.

Akanitazama. "Hicho si hakimo? Ulisema mwenyewe."

"Nimeuliza kama kipo au hakipo." Nilijitahidi iwe sauti ya chini. Ilitoka ya kukwaruza kidogo, lakini ilikuwa ya chini.

Akageukia ukutani. Akakitazama ndani ya ala yake, akakigusa mpini kwa kidole, kama hakuamini macho.

"Kipo," akasema.

Nikapiga pini ya mwisho.