Kilo za Binti wa Mjaza Mafuta

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, muuguzi wa kliniki alimpandisha binti wa mjaza mafuta kwenye mizani, akasubiri mshale utulie, akasoma kilo thelathini na nne. Mtoto alikuwa na miaka minne. Gauni lake lilikuwa lile lile la mwaka jana, na bado lilimpwaya mabegani. Muuguzi akaweka nukta juu kabisa ya kadi, nje kidogo ya mistari, akampongeza mama. Pale kliniki, mama ambaye mtoto wake anaongezeka uzito hagombezwi. Kina mama waliokuwa kwenye benchi walimwonea wivu, mmoja akamuuliza anampa nini. Akajibu kwamba anakula wanachokula wote.

Hakusema habari ya vibanio. Yeye alikuwa dobi, akifua ovaroli za marubani wa kiwanja cha ndege ndogo, hatua arobaini kutoka mlangoni kwake. Kila jioni alimzungumzisha binti yake chini ya kamba, na kwa kila neno ambalo mtoto alilitamka, alibana kibanio kimoja. Mwaka jana maneno yalikuwa mengi hata vibanio vikamwishia. Sasa kila kilo iliyomwingia mtoto ilimtoa maneno, na jioni ile vibanio vilishuka hadi arobaini na kimoja. Mama aliogopa, lakini nguo zilikuwa bado hazijaanuliwa, akazianua.

Baba mtu ndiye aliyejaza ndege mafuta. Kila asubuhi, kabla ya kuruka, rubani hukinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha kioo, akaangalia kama yameingia maji, kisha akayamwaga chini. Baba aliona huko ni kukufuru. Akawa anayaomba, anayatia kwenye chupa na kumletea mkewe ayatolee madoa ya grisi. Haba na haba hujaza kibaba, alisema, na kweli chupa ilijaa. Yalikuwa mafuta ya bluu, mazuri kuyatazama. Mtoto alipenda kukaa karibu na beseni.

Sakafu ilipopasuka chini ya kitanda cha mtoto, baba aliazima jeki ya gurudumu la ndege na kuinua upande ulioinama. Majirani walikuja kusaidia. Wao pia walikuwa na sakafu zao za kuinua.

Mwezi huo akaja afisa kutoka mamlaka ya usafiri wa anga, kukusanya maoni kuhusu mafuta yenye madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa watoto. Mkutano ulifanyika kwenye banda la ndege. Afisa alikuwa mtu mwema, na hilo hakuna aliyelibisha. Alikuwa na wajukuu. Alimwita binti, akampakata, na tangu hapo hakuweza kuinuka. Akaendelea na mkutano hapo hapo, uso ukimvuja jasho, bila kumsukuma mtoto.

Alimuuliza baba kama mafuta anayojaza yana risasi. Baba alimtazama meneja wa kiwanja, meneja akatazama viatu vyake.

"Imeandikwa kwenye tangi, mzee," alisema baba. "Mimi nilidhani ni jina tu la mafuta."

Afisa akaeleza kwamba kanuni imeshaandaliwa. Mafuta hayo yatapigwa marufuku baada ya miaka kumi na miwili, ili wenye ndege wapate muda wa kubadilisha injini. Wenye ndege, waliokuwa viti vya mbele, walisema muda huo unawabana.

Mama akasimama. "Mzee, mwanangu amebakiwa na maneno thelathini. Yatamfikisha huko?"

Afisa alipekua kanuni yote kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umemshika mtoto. Hakukuwa na kifungu cha maneno. Alisema samahani, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Akaandika swali la mama neno kwa neno, kisha mafundi wakamwinua mtoto kwa winchi ya injini, afisa akaweza kusimama na kuondoka akichechemea.

Siku hiyo baba aliimwaga ile chupa, akakaa kizingitini akilia bila kujificha. Hakuleta nyingine tena. Ndege ziliendelea kupita, na kesho yake alikwenda kuzijaza, maana nyumbani walikuwa watatu na riziki yao yote ilitoka kiwanjani hapo.

Mizani ya kliniki ilipovunjika, binti alipimiwa kiwanjani, kwenye mizani ya mizigo. Kilo hamsini na moja. Muuguzi aligundisha kipande cha karatasi juu ya kadi ili nukta ipate pa kukaa, akaandika pembeni: anaendelea vizuri.

Jioni hiyo kambani palikuwa na vibanio vinane. Ndege ikapita chini chini juu ya paa, mtoto akanyoosha kidole.

"Ndege," alisema, bila kukosea.

Mama akabana cha tisa. Rubani aliwaona, akawapungia mkono, na mtoto akampungia. Mama naye angempungia, ila mikono yake ilikuwa imeshika ovaroli ya rubani yule yule, mbichi, bado haijakamuliwa.