Mafuta Yaliyokataa Kuelea

Nasra alipofungua koki ya tangi asubuhi ile, maji yalitoka meupe kama maziwa ya ng'ombe, na moyo ukamshuka. Alitarajia mengine. Alitarajia povu zito la rangi ya chungwa lipande juu likiwa limebeba mafuta ya mawese, na chini yake maji yabaki maangavu, hata sakafu ya saruji ionekane. Badala yake maji na mafuta vilikuwa vimekumbatiana, havitaki kuachana.

Leonardi, fundi wa mitambo, alizima kompresa akasimama pembeni, mikono kiunoni. "Tena?" aliuliza.

Nasra alifunga koki. Viganja vilikuwa vinamwasha kwa utomvu wa mkonge aliokuwa akiutwanga tangu wiki iliyopita.

Kiwanda chao kilikuwa Bangwe, mwinuko mdogo tu kutoka ziwani. Upande mmoja kilikamua chikichi, upande wa pili kilipika sabuni ya mche. Majitaka ya ukamuaji yalishuka kwa mfereji hadi ufukweni, na huko kulikuwa na wanawake waanikao dagaa. Mkubwa wao, Verediana, aliwahi kupanga chumba kwa wazazi wa Nasra kule Kasingirima, na Nasra alikua akimwita mama. Ni yeye aliyemkamata njiani siku moja na kumnusisha konzi ya dagaa. Dagaa walinuka mawese yaliyochacha. Wanunuzi walikuwa wameanza kuyakataa magunia yao na kwenda kununua kwenye fukwe nyingine. Nasra, aliyeajiriwa kiwandani kusimamia mazingira, aliona aibu kana kwamba mafuta yale ameyamwaga yeye kwa mkono wake. Akaahidi kwamba kabla mvua hazijaanza, maji yatakuwa safi.

Njia aliyoichagua haikuwa ya ajabu. Unasukuma hewa ndani ya maji kwa nguvu, kisha unayaachia maji hayo tangini. Hewa inatoka kwa mapovu madogo madogo, matone ya mafuta yanang'ang'ania mapovu, yanapanda nayo, nawe unaengua juu kama mtu anayeengua utando wa maziwa. Ila mapovu yanahitaji kitu cha kuyafanya yadumu. Dawa ya kiwandani ilikuwa iagizwe Dar es Salaam, na kila Nasra alipoiulizia aliambiwa iko njiani. Ndipo alipougeukia mkonge uliopandwa kama uzio nyuma ya ghala. Majani yake ukiyatwanga yanatoa povu kama sabuni. Kidogo tu kilitosha. Alijaribu kwenye ndoo, na kwenye ndoo ilikuwa raha tupu: povu lilipanda, mafuta yakapanda, maji yakatakata. Leonardi alipiga makofi. Hata meneja, Bwana Adolf, alikuja kuchungulia na akatoa ruhusa tangi la zamani lifufuliwe.

Tangini, hakuna. Walibadilisha kiasi cha utomvu, wakaongeza hewa, wakapunguza hewa. Leonardi alifungua kompresa yote akaisafisha, akabadilisha mpira wa hewa uliokuwa ukivuja, akaapa kwamba kosa si la mashine yake. Siku chache mambo yalielekea kutengemaa, kesho yake maziwa tena. Hilo ndilo lililomchosha Nasra kuliko yote. Kitu kikikataa moja kwa moja unakiacha, lakini hiki kilikuwa kinakubali, halafu kinamgeuka.

Bwana Adolf aliposikia, alisema waongeze mkonge. Mara tatu, mara nne, mpaka mafuta yatii. Nasra akamweleza kwamba utomvu ule ukizidi ni sumu kwa samaki, na maji yale mwisho wake ni ziwani. Meneja akamtazama kama mtu anayesubiri pikipiki imalize kupita ili aendelee na mazungumzo yake.

"Wewe ndiye uliyeniletea habari za mkonge," alisema. "Sasa unaniambia mkonge ni sumu. Nikuelewe vipi?"

"Kidogo hakina shida, bosi. Unachoniambia wewe si kidogo."

Meneja alimwambia kwamba maofisa wa mazingira wanakuja Alhamisi, na siku hiyo anataka kuona povu.

Kesho yake Nasra aliacha tangi akaufuata mfereji kwa miguu, kuanzia ulipotokea kwenye mashine za kukamua. Hakuwa na mpango wowote, hasira tu zilimtembeza. Kila hatua chache alichota maji akayasugua vidoleni. Karibu na mashine yalikuwa mazito, ya vuguvugu, yananata kama mafuta yanavyonata. Alipopita zege lililofunika mfereji nyuma ya jengo la sabuni, akachota tena, yakateleza. Yaliteleza kama mkono uliotoka kufua nguo. Alirudi nyuma akachota, akaenda mbele akachota. Hapakuwa na shaka. Chini ya zege palikuwa na bomba, na bomba lilimwaga maji ya kuoshea masufuria ya sabuni, yaliyojaa magadi makali. Magadi yakikutana na mawese hutengeneza sabuni hapo hapo mferejini, na sabuni ikishayashika mafuta na maji, hayaachani kwa mapovu wala kwa mkonge. Siku ambazo tangi lilikubali zilikuwa siku ambazo masufuria hayakuoshwa.

Nasra alikaa juu ya zege lile, asijue acheke au alie. Alikumbuka alivyouliza tangu mwanzo kama maji ya sabuni yana njia yake, na alivyojibiwa kwamba yana shimo lake upande wa pili. Aliwaza siku zote alizojilaumu, akidhani mikono yake ndiyo mibovu.

Alipomkabili kuhusu bomba, Bwana Adolf hakukana. Alisema shimo liliporomoka wakati wa masika, ndipo alipoamuru bomba lielekezwe mferejini kwa muda, na huo muda ukawa mrefu. Kuchimba shimo jipya maana yake ni kusimamisha sabuni, na sabuni ndiyo inayokiweka kiwanda hai.

"Ungeniambia tu," Nasra alisema.

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungekuja kunisimamishia sabuni, kama unavyotaka sasa."

Kisha akamwita Leonardi, akatoa agizo mbele ya wote wawili: kabla ya Alhamisi tangi lijazwe maji ya ziwa, yamiminiwe mawese kidogo mabichi, mkonge kidogo, hewa, basi. Wageni wataona povu, watakunywa chai, wataondoka. Leonardi alitazama viatu vyake. Alikuwa na watoto shuleni, na Nasra hakuweza kumlaumu kwa kunyamaza.

Alhamisi tangi lilifanya kazi vizuri kupita hata ndoo. Povu lilipanda la rangi ya chungwa, Leonardi akaengua, na maji yakabaki maangavu. Maofisa walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume. Yule mwanamke, aliyeonekana kuwa mkubwa, alifurahi waziwazi, akasema hajapata kuona mkonge ukitumika hivyo. Akamgeukia Nasra amweleze.

Nasra alikuwa ameamka akiwa amekusudia kunyamaza. Lakini kusifiwa kwa maji yale kulimuuma kuliko matusi. Alieleza mapovu, akaeleza utomvu, na alipofika mwisho hakusimama.

"Ila haya siyo maji ya kiwanda," alisema. "Haya ni ya ziwani, tumeyajaza jana. Ya kiwanda yako mferejini. Nikiwapeleka mtayaona."

Hakuna aliyepaza sauti. Bwana Adolf alianza kusema kwamba ni majaribio ya hatua kwa hatua, lakini yule ofisa alikwishaanza kutembea. Waliliona zege, likafunuliwa, wakaliona bomba. Kabla hawajaondoka waliagiza maji ya sabuni yatengwe, na uoshaji wa masufuria usimame mpaka hapo yatakapotengwa.

Sabuni ilisimama kwa majuma. Vibarua wa upande ule walirudishwa makwao, na mmoja wao alikuwa Omari, binamu yake Nasra, aliyekaa naye meza moja kila Iftari. Omari hakumgombeza. Aliacha kuja tu. Nasra mwenyewe alihamishiwa getini, kupima chikichi zinazoingia. Alipokwenda ufukweni kumwambia Verediana kwamba bomba limekatwa, alimsalimu shikamoo, mama akaitika huku akigeuza dagaa wake. Kisha akamwonyesha mchanga kwa kidole cha mguu. Ulikuwa mweusi, umeshiba mafuta kwa kina cha kiganja.

"Maji yatapita," Verediana alisema. "Huu mchanga nitaupeleka wapi?"

Nasra aliinama akausugua vidoleni. Alirudi nyumbani akakaa ukumbini bila kuvua viatu, mpaka mama yake mzazi alipomuuliza kama anaumwa.

Shimo jipya lilichimbwa, sabuni ikarudi, na siku moja, akiwa getini katikati ya foleni ya magunia, Nasra alisikia kompresa ikinguruma kule tangini. Baadaye Leonardi alikuja, mikono imepakaa povu la rangi ya chungwa, uso hauna raha. Maji yanakubali, alisema, lakini Bwana Adolf amemwambia amimine mkonge ndoo nzima nzima, na yeye anaogopa. Alitaka kujua kipimo.

Nasra aliteremsha gunia lililokuwa mizanini. Ilimjia kumwambia akamuulize meneja, maana tangi sasa ni la meneja, na wageni wakija tena meneja ndiye atakayeeleza. Mwenye gunia la mbele alikohoa kumhimiza.

"Kikombe kimoja cha chai kwa pipa," alisema. "Usizidishe, hata akikusimamia. Na uvae glavu, utawashwa mpaka uchanganyikiwe."

Leonardi alirudia kipimo kwa sauti asije akakisahau, kisha akaondoka mbio. Nasra aliinama akaweka gunia la mbele juu ya mizani.