Rotwaila kwa Mama Salman

Wenye nyumba wanne wa Bungoma waliniambia kwamba mbwa si tatizo. Tatizo ni huyu wangu.

"Madam, ungekuwa na mbwa ya kienyeji ungeingia hata leo," alisema Hillary, aliyekuwa na nyumba sita za kupangisha kule Kanduyi. Alishika picha ya Meja kwa ncha za vidole, utadhani picha nayo ina meno. "Lakini hii ya kizungu, hapana. Si hii ndio wanaita rotwaila? Mwaka jana moja iliuma mtoto hapa nyuma mpaka mfupa ikaonekana."

"Huyu hajawahi kuuma mtoto."

"Hata ile haikuwa imewahi."

Nilimnyang'anya picha yangu nikaondoka bila kuaga. Nina hasira za karibu, najijua, na huja mbio zaidi pale mtu anaposema kweli.

Hiyo ilikuwa Septemba ya mwaka 2005. Kampuni ya maziwa niliyoifanyia kazi Kitale ilikuwa imenihamishia kituo chake kipya Bungoma, niwe napima maziwa ya wakulima asubuhi. Kumtafutia nyumba mwanamke mmoja na binti yake wa miaka saba ni kazi ya siku moja. Ongeza rotwaila wa kilo hamsini, uone watu wanavyokumbuka ghafla kwamba nyumba ilishachukuliwa na shemeji yao.

Kumwacha Meja sikuweza, na si kwa mapenzi ya kumlaza mbwa kitandani kama kwenye televisheni. Mwezi wa tatu mwaka huo, saa nane mchana, wanaume watatu waliruka ukuta wetu kule Kitale nikiwa naanika nguo. Mmoja aliniwekea panga shingoni. Wa pili akaingia ndani, alikolala Ivy na tetekuwanga yake. Meja alipasua waya wa banda lake akamshika yule wa panga mkononi, na hakumwachilia mpaka wote watatu walipokuwa wanapigania kuruka ukuta tena. Tangu siku hiyo nikawa mwoga. Sisemi mwangalifu, nasema mwoga: lango likigongwa, namvuta Ivy tunajifungia chumbani. Usingizi niliupata tu nikimsikia mbwa yule anapumua.

Sasa mwenye nyumba wa Kitale alikuwa anataka nyumba yake. Mama yangu, huko Sirisia, alikataa katakata kulisha mnyama anayekula nyama kuliko watu. Chemutai, daktari wa mifugo aliyekuwa akimchanja Meja, alinieleza bila kuzunguka kwamba rotwaila aliyekwisha kumuuma mtu hakuna atakayemchukua.

"Ukikosa nyumba, mlete Ijumaa," alisema. "Ni sindano moja tu. Hatasikia uchungu."

Jumatano Jairus, broka wa nyumba, akanipigia simu.

"Nyumba iko, Mama Ivy. Karibu na msikiti. Vyumba mbili, ua imezungushwa matofali, gate ya chuma. Mwenyewe ni Mama Salman, mjane, anakaa hiyo nyumba ya mbele peke yake."

"Umemwambia kuhusu mbwa?"

Jairus akacheka. "Wewe nawe. Ati mtu wa msikiti umwambie mbwa? Huyo hata picha hawezi taka kuona. Wewe reta tu vitu zako, mbwa iingie kama mzigo. Ikiwa ndani, si iko ndani?"

Sikumbishia. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sikumbishia hata kidogo. Nilikulia Sirisia, kanisani kila Jumapili, na nilichojua kuhusu Waislamu na mbwa ni kile kinachojulikana na kila mtu kwetu, yaani maneno ya watu ambao hawajawahi kumuuliza Mwislamu.

Mama Salman, Sharifo kwa jina lake, alikuwa mwanamke mfupi wa miaka kama sitini, mwenye sauti ya chini. Aliniuliza jambo moja tu kabla ya kunipa ufunguo.

"Mko wangapi, mwanangu?"

"Wawili, mama. Mimi na mtoto."

Alhamisi jioni pikapu iliingia uani kinyumenyume. Meja alikuwa katikati ya kabati na godoro, amelewa vidonge vya usingizi nilivyopewa na Chemutai. Mimi na dereva tulimshusha amezungushiwa blanketi mbili, huku Mama Salman amesimama mlangoni kwake akitukaribisha na kutuonya tusiumie mgongo.

Kuanzia hapo niliishi kama mwizi ndani ya nyumba ninayoilipia. Nilimfundisha Meja kunyamaza. Kila alipotaka kubweka nilimbana mdomo kwa mikono yote miwili na kumkazia macho, mpaka akawa anatetemeka badala ya kubweka. Nilipomwona anatetemeka moyo uliniuma, lakini sikuacha. Nilifagia manyoya mara tatu kwa siku. Nilichoma ubani kuficha harufu, mimi na Ukristo wangu wa Sirisia. Ivy nilimwapisha: ukimtaja Meja huko nje tutafukuzwa, na daktari atamchoma sindano. Basi mtoto akaacha kucheza na wenzake, maana aliuogopa mdomo wake mwenyewe.

Mwanzoni nilimtoa mbwa nje saa kumi na moja alfajiri, mji umelala. Kisha Ramadhani ikaingia. Saa hizo taa ya Mama Salman ikawa inawaka uani, naye yuko macho anaandaa daku. Nikabaki na nafasi moja tu, jioni anapokwenda msikitini kuswali tarawehe. Siku ambayo homa ilimbakiza nyumbani, Meja alijisaidia kwenye karai langu la kufulia. Nilikaa sakafuni nikalia bila sauti, nikimsikia yule mama anakohoa upande wa pili wa ua.

Na alikuwa mwema. Hicho ndicho kilichonimaliza. Kila magharibi alituletea sahani: sambusa, kaimati, viazi karai, zimefunikwa kitambaa safi. Zilikuwa sahani nyeupe za bati zenye maua mekundu. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, kwa hiyo niliijaza karanga au ndizi mbivu nikampelekea kesho yake. Akigonga nilifungua mlango upana wa sahani tu, redio ikipiga kelele, goti langu likimbana Meja nyuma ya mlango.

"Unapenda sana redio," aliniambia siku moja, akicheka.

Siku ya tisa ya mfungo Ivy aliacha sahani kwenye mkeka. Nilipotoka jikoni nilimkuta Meja ameilamba mpaka maua yanang'aa. Nilisimama pale nikijua kabisa. Nilisoma sekondari na wasichana wa Kiislamu, na hata bila kuwauliza nilijua kwamba mate ya mbwa kwao si jambo la mzaha. Ningenunua nyingine, lakini nilizunguka soko zima sikuona za maua yale, na angeniuliza. Nikaiosha kwa sabuni ya unga, nikaijaza karanga, nikairudisha. Alinishukuru, akaniombea dua. Jambo hilo lilitokea tena mara mbili kabla ya mwezi kuisha, na kila mara nilizidisha sabuni.

Asubuhi ya Idi mtaa mzima ulinukia pilau. Nilikuwa naoga Mama Salman alipopiga hodi. Ivy alikuwa amekatazwa kufungua, lakini ilikuwa sikukuu na harufu ile aliijua. Nilisikia komeo likivutwa. Nilijifunga leso nikatoka mbio, maji yakinichuruzika.

Meja alikuwa amenitangulia. Mama Salman alisimama kizingitini na gauni jipya la kijani, sahani ya pilau mikononi, na kichwa cha mbwa wangu kilikuwa ndani ya sahani. Alikuwa anakula. Hakubweka, kwa maana nilikuwa nimemfundisha vizuri.

Sikuweza kupiga hatua nyingine. Nje ya ukuta wanaume walikuwa wanatoka kuswali, makundi kwa makundi, wanapeana mikono na kucheka. Ukelele mmoja tu wa huyu mama, nikawaza, na wataingia na mawe. Watamuua mbele ya mtoto, na Ivy hatakubali kumwachilia.

Mama Salman hakupiga kelele. Aliinama polepole, akaiweka sahani chini, akamwacha Meja amalize.

"Huyu amekuja lini?"

"Siku ileile tuliyohamia."

Alimtazama Ivy, kisha akanitazama mimi. "Na sahani zangu?"

Kulikuwa na jibu rahisi. Sahani zako hajazigusa hata siku moja, mama. Lilikuwa limeshafika ulimini. Ivy alinishika leso akanitazama, anangoja kusikia leo tunasema nini.

"Alilamba," nikasema. "Mara tatu. Niliziosha kwa sabuni."

Aligeuka akaenda kwake. Nilidhani anakwenda kuita watu. Alirudi na sahani zote za maua, nane kwa hesabu yangu, na ndoo ya maji. Akachota udongo kando ya ukuta, akachuchumaa pale uani na gauni lake la Idi. Sahani ya kwanza aliisugua kwa udongo na maji, akaisuuza. "Moja," alisema. Akaimwagia maji mengine. "Mbili." Nilisogea nimsaidie, akaniinulia mkono uliojaa matope, nikabaki nilipo. Alipofika saba, hesabu ya dini yake kwa chombo kilicholambwa na mbwa, aliiweka juani akachukua nyingine. Meja alijilaza hatua chache kutoka kwake na kufumba macho, maana hakuwa ameota jua kwa wiki sita. Mimi nilihesabu pamoja naye kimoyomoyo, na kila sahani ilipomalizika hofu yangu iliongezeka.

Baada ya ile ya nane alinawa mikono.

"Marehemu mume wangu alikuwa na mbwa wawili," alisema. "Wakubwa. Wa kulinda stoo yake ya mahindi kule Kitale. Walikaa nje na walikuwa na chombo chao. Mbwa wa kulinda hajakatazwa, mwanangu. Ungeniuliza."

"Nilidhani..."

"Najua ulivyodhani." Alimtazama Meja. "Tangu mzee afe, mimi nalala na rungu kando ya kitanda. Kila usiku. Ningempa huyu banda pale nyuma, tena kwa furaha, nami nipate usingizi."

Machozi yakanitoka, nikajua tumepona. "Nitamjengea leo hii, mama. Leo leo. Hutamwona tena mlangoni."

"Ngoja nimalize. Nimefuturu kwenye sahani hizi mwezi mzima. Mimi sikujua, na Mungu hanishiki kwa nisichokijua. Wewe ulijua. Kila jioni ulisimama kwenye mlango huu ukaniangalia usoni, ukapokea chakula changu." Sauti yake ilikuwa ya chini vilevile, kama siku aliyonipa ufunguo. "Mbwa simwogopi. Nakuogopa wewe."

Alinipa mpaka mwisho wa mwezi niwe nimehama. Kisha akakusanya sahani zake akaingia kwake, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale, nikamsikia akifunga mlango kwa komeo mchana.