Ekseli ya Akiba

Miaka mitatu mfululizo, wachukuzi wa Kariakoo walipokimbiza mikokoteni Idi Mosi kutoka sokoni hadi kivukoni Magogoni, wote waliishia kuona kisogo cha mkokoteni wa Mbaruk. Mwaka wa hamsini na sita Mbaruk akatoa mpya: mwembamba, wa kupenya katikati ya watu, magurudumu yake ya motokaa. Ekseli aliikata ncha ya kulia na kuichomelea upya kwa mkono wake, ili iwe fupi. Akatengeneza na ya akiba, sawasawa na ile.

Haukufika hata Mnazi Mmoja. Kwenye kona ya kwanza, ya kushoto, ekseli ikakatika upande wa kulia. Gurudumu likaenda zake mpaka chini ya meza ya muuza halua, na magunia manne ya chumvi yakapasuka barabarani.

"Jamani, leteni nyama!" akapiga kelele Kasmir, Mchaga mwenye duka la jumla mtaa wa pili, wachukuzi wake wakipita na mkokoteni wao mkuukuu. "Chumvi ya Mbaruk hii hapa, ya bure!"

Waliporudi uani, Mbaruk hakukaa.

"Chuma hakikatiki hivi hivi. Kimetiwa tupa." Akamgeukia Rajabu, mume wa binti yake Hamdiya. "Magurudumu nani anayafunga? Na juzi nani alikuwa barazani kwa Kasmir akinywa kahawa?"

"Kahawa ni kahawa tu, Baba."

"Kesho baada ya Alasiri utaniambia kweli. Huna la kuniambia, utatoka kwangu, na binti yangu atabaki."

Hamdiya alikuwa amesimama mlangoni na sinia la tambi. Lililomsumbua si maneno ya baba yake. Siku mbili kabla ya Idi alimkuta Rajabu amechuchumaa peke yake kwenye gurudumu lile lile la kulia, naye alipomwona akainuka haraka mno.

Kesho yake, Rajabu alipokwenda kuswali Adhuhuri, Hamdiya alifungua kikapu cha vifaa cha mumewe. Nyundo, spana, tupa. Tupa ilikuwa na kutu kwenye meno, kutu ya siku nyingi. Shaka ikapungua, haikwisha. Mtu anaweza kuazima tupa.

Akaketi kwenye mbuzi akune nazi, macho yakiwa uani. Kwa kuogopa wapelelezi na macho ya watu, Mbaruk alikataza mkokoteni mpya usivuke lango mpaka siku yenyewe. Siku arubaini ulisukumwa na mzigo wake kuzunguka kisima, na kila mara kwa kulia, maana kwa Mbaruk jambo la heri halianzi kushoto. Saruji ilikuwa na alama mbili za duara. Ya nje, ya gurudumu la kushoto, ilikuwa nyeusi tititi. Ya ndani ilionekana kwa taabu.

Mkono wake ukasimama katikati ya kukuna. Ukikata kona kwenda kulia, mzigo unalalia kushoto. Gurudumu la kulia halikuwahi kubeba chochote.

Baada ya Alasiri akatoka jikoni. "Baba, ekseli ya akiba bado iko sandukuni?"

"Iko. Na ufunguo ni huu shingoni mwangu. Hakuna mkono ulioigusa."

"Basi ifungeni, mpakie mzigo wa uzito ule ule. Halafu mzungushe kushoto."

"Kushoto?"

"Kona ya sokoni ilikuwa ya kushoto, Baba."

Mbaruk akaifunga mwenyewe, Rajabu asisogee. Kwa kulia, mizunguko mitatu, laini kama mafuta. Wachukuzi wakageuza. Mzunguko wa kwanza ekseli ikalia. Wa pili ikakatika, pale pale Mbaruk alipoichomelea.

Mbaruk akainama, akapapasa palipokatika kwa kidole.

"Nilikwisha kuisikia ikilia hivyo kabla ya Idi, nilipougeuza mkokoteni kuuegesha," alisema Rajabu. "Nikainama kutazama. Lakini ningesema nini? Mngesema naiombea mabaya."

Mbaruk alivua ufunguo shingoni, akautia kiganjani mwa mkwewe. "Baki, mwanangu. Tengeneza nyingine wewe. Na uijaribu barabarani, watu waone wakitaka."

Rajabu akaupokea kwa mikono miwili, lakini aliyekuwa akimtazama ni mkewe.

"Tupa yangu naiweka chini ya nyundo," akasema polepole. "Leo nimeikuta juu."

Hamdiya akajifuta mikono kwenye kanga, mikono ambayo haikuwa na kitu. "Nilitaka kuwa na hakika."

"Na sasa unayo?"

"Ninayo."

Rajabu akatikisa kichwa kukubali. Kisha akachukua kikapu chake cha vifaa, akakifunga kwa kamba, mafundo mawili. Tangu amwoe, hakuwahi kukifunga.